Kofia Ngumu na Kifo Kisichohesabiwa: Historia ya Usalama wa Mjenzi tangu 1896

Utangulizi

Langoni mwa karibu kila jengo kubwa linalopandishwa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam pamebandikwa bango la usalama. Lina picha ya kofia ngumu, ya viatu vizito, ya mkanda wa kujifunga unapofanya kazi juu. Mfanyakazi anaonywa kuhusu matofali yanayoanguka, mashimo yaliyo wazi na nyaya za umeme. Bango hilo lina historia ndefu, na kila picha iliyomo ililipiwa kwa maisha ya watu. Lakini lipo jambo moja lisilotajwa hapo, ingawa katika nchi zilizofanya hesabu limeonekana kuwaua wajenzi wengi kuliko ajali za kazini. Jambo hilo ni kujiua.

Insha hii inafuatilia historia ya usalama wa wajenzi kuanzia reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 hadi hukumu ya Mahakama Kuu ya Kenya ya Januari 2025. Hoja yangu ni moja: hatari za mjenzi zilianza kuzuiliwa zilipopewa jina na kuhesabiwa, na mara nyingi waliodai zihesabiwe ni wafanyakazi wenyewe na watetezi wao. Afya ya akili ya mjenzi imeachwa nyuma, na sababu si kwamba tatizo hilo ni jipya au la kigeni. Limeachwa nyuma kwa kuwa lilinyimwa jina, na huku kwetu lilinyimwa na watu watatu: mwajiri, daktari wa kikoloni na mtunga sheria. Nitawachukua mmoja mmoja, kisha nitaeleza jinsi mafundi wa jimbo la Queensland, Australia, walivyolirudisha jina hilo, na tunachoweza kujifunza kwao bila kuwaiga kijinga.

Reli: nani aliandikwa na nani hakuandikwa

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwezi Desemba 1901. Kwa ajili ya kazi hiyo Waingereza walileta wafanyakazi takriban 32,000 kutoka India kwa mikataba. Karibu 2,500 kati yao walikufa, na wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Shuleni tulifundishwa zaidi habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898, lakini simba hawakuwaua watu wengi kama malaria, kuhara na vidonda.

Linalonivutia katika takwimu hizo ni kwamba zipo. Kibarua Mhindi alikuwa na mkataba, na mkataba ni karatasi. Alipokufa, jina lake lilipaswa kufutwa mahali fulani, na serikali ya India ilikuwa na haki ya kuuliza. Waafrika nao walifanya kazi kwenye reli hiyo hiyo, wakiwemo Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, Wakamba na wengine. Walibeba mizigo, walifyeka pori, walichimba udongo. Hesabu ya vifo inayotajwa katika vitabu, hata hivyo, ni ile ya Wahindi. Asiye na mkataba hakuwa na karatasi, na asiye na karatasi alikufa bila kuacha alama katika daftari la mwajiri. Hilo ndilo somo la kwanza, na bado lina uzito leo, kwa sababu kibarua wa siku katika miji yetu naye hana mkataba.

Hata kwa wale walioandikwa, daftari lilihesabu miili. Liliuliza nani amekufa, nani ameugua, nani hawezi kazi. Halikuuliza kijana aliyetoka Punjab, akaishi miaka 3 ndani ya hema mahali asipojua mtu, alilalaje usiku.

Swali hilo liliulizwa baadaye kidogo, mahali pengine, kuhusu mfumo uleule wa mikataba. Kati ya 1879 na 1916, Wahindi zaidi ya 60,000 walipelekwa visiwa vya Fiji kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Hawakuwa wajenzi, lakini mkataba wao ulikuwa ndugu wa mkataba wa reli. Mwaka 1915 C. F. Andrews, rafiki wa Gandhi, pamoja na W. W. Pearson, walisafiri hadi Fiji kuchunguza hali yao, na mwaka 1916 wakatoa ripoti. Miongoni mwa mambo waliyoyaweka mezani ni idadi ya waliojiua, iliyokuwa kubwa mara nyingi kuliko ya huko walikotoka. Hawakusema kwamba watu hao walikuwa dhaifu wa moyo. Walisema kazi na makazi ya namna ile ndiyo yaliyovunja watu. Uchukuaji wa watu kwa mikataba ulisimamishwa mwaka 1917, na mikataba iliyobaki Fiji ikafutwa tarehe 1 Januari 1920. Zipo sababu nyingi za kufutwa huko, za kisiasa zaidi, lakini kwa mwanahistoria wa kazi tukio hili ni muhimu: kujiua kulihesabiwa, na hesabu ikawa ushahidi dhidi ya mazingira ya kazi.

Mwajiri: jina la kifo ni suala la fedha

Miaka ya 1930 nchini Marekani inatuonyesha pande mbili za hesabu. Upande wa kwanza ni daraja la Golden Gate mjini San Francisco, lililojengwa kuanzia 1933 na kufunguliwa Mei 1937. Wajenzi wa wakati huo walizoea kukadiria kwamba kila dola milioni 1 za ujenzi zitagharimu maisha ya mtu 1. Kwa maneno mengine, kifo kilikuwa tayari kimo ndani ya bajeti, pamoja na chuma na saruji. Mhandisi mkuu Joseph Strauss hakukubali. Alilazimisha kofia ngumu na akatandaza wavu mkubwa chini ya daraja. Wavu huo uliwaokoa watu 19, ambao baadaye walijiita Klabu ya Nusu ya Safari ya Jehanamu. Watu 11 walikufa katika ujenzi huo, 10 kati yao siku moja, tarehe 17 Februari 1937, jukwaa la kazi lilipoanguka na kuupasua wavu. Daraja liligharimu takriban dola milioni 35. Kwa mazoea ya wakati ule, wangekufa watu 35.

Upande wa pili ni bwawa la Hoover, lililojengwa kati ya 1931 na 1936. Hesabu rasmi inataja vifo 96 vya kazini. Lakini wafanyakazi wengine walioanguka baada ya kufanya kazi ndani ya mahandaki yaliyojaa moshi wa magari waliandikiwa kwamba wamekufa kwa nimonia. Wenzao na familia zao walidai kwamba ilikuwa sumu ya moshi. Tofauti ya maneno hayo mawili haikuwa ya kitabibu tu. Nimonia ni ugonjwa wa mtu binafsi; moshi wa handaki ni kosa la mwajiri, na kosa hulipiwa fidia. Mwaka 1936 muungano wa makampuni yaliyojenga bwawa ulikubaliana nje ya mahakama na walalamikaji 50.

Hapo tunaona kwa nini jina la kifo lina thamani. Anayepewa mamlaka ya kukiita kifo "ugonjwa wake mwenyewe" amejiondolea lawama kabla maiti haijapoa. Kujiua kumeitwa hivyo kwa muda mrefu zaidi kuliko kifo kingine chochote. Kumeitwa jambo la nyumbani, la ndoa, la pombe, la pepo. Kila mara jibu lilikuwa kwamba halihusiani na kazi.

Daraja la Golden Gate lina mwisho mwingine wa kusimulia. Kwa miongo mingi lilijulikana pia kwa watu waliokata tamaa waliopoteza maisha hapo. Familia zao zilidai kizuizi miaka nenda miaka rudi. Wavu wa chuma wa kuwazuia ulikamilika mwanzoni mwa 2024. Wavu wa kumlinda mjenzi asianguke kwa bahati mbaya uliwekwa miaka ya 1930. Wavu wa kumlinda binadamu aliyezidiwa na huzuni ulikuja karibu miaka 90 baadaye. Daraja ni lile lile na bahari ni ile ile. Kilichochelewa ni kukubali kwamba kifo hiki nacho huzuilika.

Daktari: aliyesema Mwafrika hahuzuniki

Afrika Mashariki ilikuwa na kikwazo cha ziada. J. C. Carothers alikuwa daktari aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Kati ya hoja zake ilikuwamo ile kwamba sonona, yaani huzuni nzito inayogeuka ugonjwa, ni nadra kwa Waafrika. Maelezo yake yaliegemea imani kwamba Mwafrika hana mzigo wa kujilaumu kama Mzungu, na kwamba ubongo wake haufanyi kazi sawa na wa Mzungu. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maandishi yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, ambamo vita vya ardhi viligeuzwa kuwa ugonjwa wa akili.

Ni vigumu kukadiria madhara ya fikra hiyo. Kama daktari mkuu amesema huzuni hiyo haipo, nani atajenga kliniki yake? Nani atamuuliza kibarua wa bandari, au wa barabara, kama amechoka kuishi? Alionekana tu yule aliyepiga kelele au kurusha mawe. Aliyekaa kimya pembeni hakuonekana kuwa na neno.

Fikra hiyo haikudumu bila kupingwa. Mwaka 1960 Paul Bohannan alihariri kitabu kuhusu mauaji na kujiua barani Afrika, chenye sura kuhusu Basoga na Bagisu wa Uganda na Baluyia wa Kenya. Kitabu hicho kilionyesha kwamba kujiua kulijulikana, kulikuwa na miiko yake, na jamii zilikuwa na maelezo yao. Kisha mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya utafiti wao katika vijiji viwili vya Uganda: sonona haikuwa nadra kabisa. Ilikuwa nyingi kuliko waliyoikuta kwa wanawake wa London kwa kutumia kipimo kilekile.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna la kuongeza hapa. Carothers alitafuta neno la Kizungu katika vinywa vya watu, na alipolikosa akadhani hata kitu chenyewe hakipo. Watafiti waliokwenda kusini magharibi mwa Uganda miaka iliyofuata, katika maeneo ya Masaka na Rakai, walifanya kinyume. Waliwauliza watu matatizo yao kwa Luganda na wakapewa majina mawili: *yo'kwekyawa*, yaani kujichukia, na *okwekubaziida*, yaani kujihurumia. Dalili za hali hizo zilikaribiana sana na zile za sonona. Hali kadhalika, kibarua anayezungumza Kiswahili hatakuambia ana sonona. Atakuambia ana mawazo. Atasema mawazo yamemzidi, kichwa kimejaa, usingizi hauji. Majina yalikuwapo tangu mwanzo, ila msikilizaji alikuwa hajui kusikiliza.

Mtunga sheria: aliyemfunga aliyenusurika

Mtu wa tatu ni mtunga sheria. Kanuni za adhabu za mwaka 1930 zilizoletwa Kenya na Tanganyika zilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Uganda nayo ilirithi kosa hilo hilo. Waingereza wenyewe walilifuta kwao mwaka 1961, kabla Uganda na Kenya hazijapata uhuru, lakini sisi tuliendelea kulitunza kama urithi wa babu. Kenya adhabu ilifika hadi kifungo cha miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha kanuni hiyo kinapingana na katiba. Ghana ilikuwa imelifuta kosa hilo kupitia bunge mwaka 2023. Katika vitabu vya sheria vya Uganda na Tanzania bado limo.

Wapo wanaosema sheria hiyo haina madhara kwa sababu wanaofungwa ni wachache. Kwa mwanahistoria, madhara yake makubwa hayako gerezani, yako katika hesabu. Sheria ikishafanya jambo kuwa jinai, kila mtu ana sababu ya kulificha. Aliyenusurika hatamwambia muuguzi ukweli. Familia haitaki polisi waje wakati wa msiba. Katika mtaa wetu aliwahi kufariki kibarua mmoja wa zege, baba wa watoto wawili, ambaye mkandarasi alikuwa amekaa na mshahara wake wa wiki kadhaa. Kwenye mazishi ilitangazwa kwamba aliugua ghafla. Siilaumu familia yake. Ilikuwa inalinda jina la marehemu, inalinda watoto wasinyooshewe vidole shuleni, na inajilinda na maswali ya polisi. Lakini matokeo ni kwamba kifo hicho hakikuandikwa popote kwa jina lake. Wala deni la mshahara halikuandikwa kando yake. Mkandarasi aliendelea na jengo lake, na wenzake marehemu waliopanda jukwaani Jumatatu hawakuulizwa lolote.

Ndiyo maana nasema sheria, aibu na takwimu ni nyuzi za kamba moja. Huwezi kuvuta mmoja ukaiacha mingine.

Queensland: mafundi waliojihesabu wenyewe

Nchi zilizofanya hesabu zilikuta nini? Uingereza ilipitisha sheria kubwa ya afya na usalama kazini mwaka 1974, na ajali za kuua zikapungua sana katika miongo iliyofuata. Lakini mwaka 2017 ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ilitoa uchambuzi wa vifo vya kujiua kwa kazi katika England, kwa miaka ya 2011 hadi 2015. Wanaume wanaofanya kazi za ujenzi zisizohitaji ujuzi mkubwa, yaani wale tunaowaita saidia fundi, walikuwa katika hatari mara 3 ya wastani wa wanaume wote. Kofia ngumu ilikuwa imefanya kazi yake, lakini ililinda fuvu tu.

Australia iligundua hilo mapema kidogo, na kwa njia tofauti. Katika jimbo la Queensland, mfuko wa akiba wa wafanyakazi wa ujenzi uliwaomba watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith wachunguze vifo vya kujiua katika kazi hiyo. Matokeo, yaliyotoka katikati ya miaka ya 2000, yalionyesha kiwango kilicho juu kuliko cha wanaume wengine, na vijana wanaojifunza kazi wakiwa katika hatari ya pekee. Mwaka 2008 vyama vya wafanyakazi na waajiri waliunda shirika liitwalo MATES in Construction. Mkuu wake wa kwanza, Jorgen Gullestrup, hakuwa daktari. Alikuwa fundi bomba na kiongozi wa chama cha mafundi bomba.

Mpango wao ni rahisi kueleza. Kila mtu katika eneo la kazi, kuanzia msimamizi hadi mfagizi, hupata mafunzo ya takriban saa 1 kuhusu dalili za mtu aliyezidiwa. Wachache wanaojitolea hupata mafunzo zaidi ili wawe kiungo: kazi yao si kutibu, ni kukaa na mwenzao, kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, kumweka salama na kumfikisha kwa anayeweza kumsaidia. Wachache zaidi hufunzwa kwa siku 2 ili waweze kuzungumza na aliye katika hatari kubwa. Nyuma yao ipo simu inayopokelewa saa 24 na watu wa kufuatilia kila aliyepiga. Waliopata mafunzo hubandika kibandiko kwenye kofia zao ngumu, ili mwenye shida ajue amwendee nani.

Kibandiko hicho ni kidogo kuliko kiganja, lakini kwa historia niliyoieleza hapa ni jambo kubwa. Kofia iliyobuniwa kuzuia tofali sasa inabeba ujumbe kwamba mwenye kuivaa anaweza kuulizwa habari za moyo. Na kumuuliza mtu waziwazi hakumpi wazo hilo, kama wengi tunavyoogopa. Wataalamu wanakubaliana kwamba kunampa nafasi ya kutua mzigo.

Nisitie chumvi. Tathmini za mpango huo zilionyesha kwamba waliofunzwa walizijua zaidi dalili na walikuwa tayari zaidi kusaidia na kusaidiwa. Lakini shirika lenyewe bado linasema wajenzi wapatao 190 hujiua kila mwaka Australia, karibu mmoja kila siku mbili. Mazungumzo hayafuti malipo yanayochelewa, ajira inayokatika kila jengo linapokwisha, maumivu ya mgongo yasiyopona, wala miezi ya kulala mbali na mke na watoto. Mpango huo ni kama wavu wa Strauss: unadaka wengi, lakini jukwaa bovu likiangushwa juu yake hupasuka.

Je, hilo linatuhusu?

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa darasani. Ya kwanza itasema haya ni mambo ya nchi tajiri, kwamba kibarua wetu anahitaji kwanza chakula, glavu na mshahara. Nakubali kuhusu mshahara. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hujiua duniani kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayesema huzuni ni ya matajiri anarudia maneno ya Carothers kwa lafudhi mpya.

Pingamizi ya pili itasema hatuna madaktari wa akili wa kutosha, na ni kweli. Hata hivyo jaribio lililofanywa vijijini Masaka na Rakai mwaka 2002 lilionyesha kwamba si lazima tuanze na daktari. Watu wa huko huko, wasio wataalamu wa tiba, walifunzwa kuongoza vikundi vya mazungumzo kwa wenye sonona. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Uganda basi haihitaji kuagiza wazo hili kutoka Queensland. Lilikwisha kupimwa hapa, ila halijapelekwa kwenye zege.

Tena vibarua wetu wanavyo vyombo vyao tayari. Wakati wa chakula cha mchana, posho na maharagwe vikigawiwa, watu huketi kwa makundi yale yale kila siku. Wengi wamo katika vikundi vya kuweka akiba kwa zamu na vya kuzikana. Kikundi cha kuzikana kina daftari, kina mweka hazina, na kinajua nani ameacha kuja, nani ameanza kunywa asubuhi, nani ameuza vifaa vyake vya kazi. Kina kila kitu cha kumsaidia mwenzao isipokuwa ruhusa ya kulitaja jambo lenyewe akiwa bado hai.

Sheria pia zipo. Tanzania ilipitisha sheria ya usalama na afya kazini mwaka 2003, Uganda 2006 na Kenya 2007. Zote zina neno "afya" ndani ya jina lake. Kuliacha neno hilo limaanishe mapafu na mifupa pekee ni uamuzi wa wasomaji wake; hakuna mahali historia imetulazimisha. Mkaguzi anayehesabu kofia anaweza pia kuuliza mishahara imelipwa lini mara ya mwisho, na kama yupo mtu mmoja kazini aliyefunzwa kumsikiliza mwenzake.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba usalama wa mjenzi haukuletwa na huruma ya wakati. Uliletwa na hesabu, na hesabu ililetwa na watu waliokataa majina ya uongo. Wafanyakazi wa Hoover walikataa neno nimonia. Strauss alikataa kwamba kifo ni gharama ya kawaida. Orley na Wing walikuta huzuni pale ambapo Carothers alisema haipo. Mafundi wa Queensland walikataa kwamba kujiua kwa mwenzao ni siri ya nyumbani kwake.

Zamu yetu ina kazi tatu: kuliondoa kosa la jinai katika vitabu vya sheria vya Uganda na Tanzania, kumpa kibarua wa siku karatasi inayomtambua, na kuyapa mawazo yake jina katika lugha anayoielewa. Kazi ya kwanza ni ya bunge na mahakama, ya pili ni ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Ya tatu inatufaa sisi tunaosoma Kiswahili. Mafunzo ya saa 1 yanahitaji maneno, na maneno hayo hayatapatikana kwa kutafsiri kijitabu cha Brisbane. Yatapatikana kwa kuketi na saidia fundi na kumsikiliza anavyosema.

Na kwa kuwa insha hii inaweza kusomwa na mtu ambaye mawazo yamemzidi, naongeza neno lisilo la kihistoria. Hali hiyo hupita, na husaidiwa. Mwambie mtu mmoja leo, rafiki, ndugu, mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu nawe. Zipo hospitali za kazi hiyo, Butabika hapa Kampala, Mathari Nairobi, Mirembe Dodoma, na kwenda huko si aibu kuliko kwenda kufungwa plasta mguu uliovunjika. Nawe uliye karibu naye, muulize, kisha usiondoke kabla hajajibu.